Mwongozo kwa Kishikwambi Kipya Kinachoripoti Kazini Bungoma na Kitale

Ndugu Kishikwambi,

Hongera kwa kupata kazi. Barua uliyokuja nayo inasema umetumwa, ukiwa na akili unde ndani yako, kuleta mageuzi ya elimu katika shule zetu za Bungoma na Kitale. Kabla hujageuza chochote, keti kwanza. Mwalimu mgeni anayeripoti shule ya msingi popote kati ya Webuye na Endebess huketishwa, akapewa chai ya maziwa, halafu mwenyeji mmoja akamweleza yale ambayo barua ya uhamisho haikuyasema: darasa lipi limefurika, njia ipi haipitiki mvua ikinyesha, na ufunguo wa stoo huombwa kwa nani. Wewe hunywi chai, kwa hiyo tutaanza kazi mara moja. Nina ombi dogo tu: usiniambie "swali zuri sana" kila nikipumua.

Waulizie waliokutangulia

Wewe si wa kwanza. Mwaka 2013 wanasiasa wa Jubilee waliwaahidi watoto wa darasa la kwanza kipakatalishi kila mmoja. Zabuni ya kwanza ilivunjika, ahadi ikabadilika umbo, na mwaka 2016 mpango ukaanza kwa vishikwambi. Kazi ya kuvileta vilipewa vyuo vikuu vya Moi na JKUAT, kila kimoja na mshirika wake kutoka nje ya nchi. Zaidi ya vishikwambi milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma, pamoja na projekta, rauta na sava ya kuhifadhia masomo. Shule nyingi za mashambani zilipata umeme kwa ajili yenu. Hilo tunawashukuru bila masharti, kwa maana taa zilizowekwa kuwapokea ziliendelea kuwaka hata pale ninyi wenyewe mlipozimika.

Mbona wengi wa ndugu zako walizimika? Walimu hawakuwachukia. Mwalimu mkuu alitia saini kwamba mali hii ni ya serikali na ikipotea yeye ndiye wa kuulizwa. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: akatia vyuma madirishani, akanunua kufuli mbili, akawafungia ndani. Nawe usipoangalia utaishia hapo hapo, juu ya rafu, katikati ya mipira iliyopasuka na ramani ya Afrika ambayo Sudan bado ni nchi moja. Kwa hiyo ukifika usianze kwa kuuliza nenosiri la intaneti. Uliza ni nani atakayekushika, na je, huyo mtu ameruhusiwa kukukosea, kukuangusha, kukuwasha vibaya bila kuandikiwa barua ya kujieleza? Kama jibu ni hapana, rudi kwenye sanduku.

Waulizie pia wale wa mwaka 2020. Machi mwaka huo shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na kwa mara ya kwanza mashine zikaachiwa uwanja wote. KICD, taasisi ya kukuza mitaala, ilipeleka masomo redioni na kwenye runinga. Julai, kampuni ya Loon ikishirikiana na Telkom ilirusha maputo ya intaneti juu ya sehemu za magharibi na kati mwa Kenya. Ndiyo, maputo, yakielea kilomita nyingi juu ya mashamba yetu. Yalikuwa ya ajabu na yalifanya kazi, lakini kufikia Machi 2021 yalikuwa yamekwisha kuondolewa kwa kuwa biashara haikulipa. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021 watoto walikimbilia madawati, wakakimbiliana wao kwa wao, na waliokuwa na bahati wakamkuta mwalimu wa zamu langoni akiwaita mmoja mmoja kwa jina. Hakuna aliyeulizia puto.

Usijitambulishe kama mwalimu

Hapa nakuomba unyamaze usikilize, kwa sababu magharibi mwa Kenya ndiko dunia ilikojifunzia mengi kuhusu kinachomsaidia mtoto kujifunza na kisichomsaidia. Katikati ya miaka ya 1980 kijana Mmarekani aitwaye Michael Kremer alifundisha katika shule ya sekondari ya Eshisiru, karibu na Kakamega. Baadaye alirudi akiwa mchumi na kuanza kupima mambo kwa uangalifu. Mwaka 2019 yeye, Esther Duflo na Abhijit Banerjee walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, na sehemu ya kazi iliyowapa sifa ilifanyika katika vijiji ambavyo matatu ya kutoka Bungoma inavifikia kabla ya chakula cha mchana.

Jaribio moja lilianza mwaka 1996 katika Busia na Teso. Shule zilipewa vitabu vya kiada. Kila mtu alitarajia alama zipande, kwa sababu nani asiyejua kwamba kitabu husaidia? Wastani wa darasa haukusogea. Vitabu viliwafaa wale waliokuwa tayari mbele, na wengine wakabaki palepale walipokuwa. Viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu. Kitabu kilikuwa mkononi na maneno hayaingii. Irudie habari hiyo mara mbili, ndugu yangu, maana wewe ni kitabu chenye betri. Mtoto wa Kapsokwony anayezungumza Kisabaot nyumbani na Kiswahili sokoni hatakuelewa eti kwa sababu unang'aa.

Jaribio jingine lilifanyika hapa hapa petu. Mwaka 2005 shule 140 za Bungoma na Butere-Mumias zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja zaidi wa darasa la kwanza, kwa mkataba. Darasa lililokuwa na watoto zaidi ya 80 likagawanywa mara mbili, likabaki na 40 na kitu. Ungedhani idadi peke yake ingetosha. Haikutosha. Watoto waliobaki na mwalimu wa zamani, ingawa sasa walikuwa nusu, hawakupiga hatua ya maana. Waliofundishwa na mwalimu wa mkataba, ambaye alihitaji kuthibitisha kazi yake kwa wazazi wa shule hiyo, walisonga mbele. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kulingana na walichokuwa wakikijua tayari, na huko wote walifaidika, wa juu na wa chini, kwa sababu mwalimu aliweza kuanzia pale mtoto alipo. Nimeyafikiria matokeo hayo mara nyingi. Yananiambia kwamba kilichobadilisha mambo ni mtu mzima aliyeangalia mtoto huyu anajua nini leo, akawa na sababu ya kuja kesho kuangalia tena.

Hata mwalimu wa ziada si dawa akiachwa peke yake. Mpango kama huo ulipopelekwa sehemu nyingine za Kenya, shule zilizosimamiwa na shirika lisilo la kiserikali zilipata faida na zile zilizosimamiwa na serikali hazikupata. Mwalimu ambaye hakuna anayemtembelea, halipwi kwa wakati na haulizwi darasa lake linaendeleaje, anapoteza moyo kama vile wewe unavyopoteza chaji.

Wewe je, uliwahi kupimwa? Ulipimwa, kule Kisumu. Shule zilizokuwa kwenye mpango mmoja wa kusoma ziliwekwa katika makundi: kundi moja watoto walipewa vifaa vya kusomea, jingine walimu walipewa vishikwambi, na la tatu vishikwambi walipewa maafisa wanaozunguka shuleni kuketi nyuma ya darasa na kumshauri mwalimu. Njia zote zilikwenda karibu sawa. Ila ile ya tatu, ya kumpa kifaa afisa mmoja anayehudumia shule nyingi, ilikuwa ya bei nafuu kuliko zote kwa mbali. Mpango wa kitaifa wa Tusome uliofuata ulichukua njia hiyo: afisa anaingia darasani na kishikwambi, anamsikiliza mtoto akisoma kwa sauti, anahesabu maneno, kisha anakaa na mwalimu chini ya mti kumwambia alichokiona. Hiyo ndiyo kazi bora uliyowahi kuifanya nchini Kenya. Ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekuja kuona.

Sitakudhulumu. Kuna upande wa pili, nao lazima usemwe. Shule za Bridge, zilizoanza Kenya mwaka 2009, ziliwapa walimu vifaa vilivyoandikwa somo zima, neno kwa neno, na mwalimu akasoma kama alivyoandikiwa. Watu wengi, nikiwemo, hawakupenda kumwona mwalimu akifanywa msomaji wa maagizo. Jirani zetu Busia walifika mahakamani, na mwaka 2017 mahakama ikaunga mkono kufungwa kwa shule 10 za Bridge kwa kutotimiza masharti. Hata hivyo watafiti, Kremer akiwa mmoja wao, walipowafuatilia watoto waliopata ufadhili wa Bridge kwa bahati nasibu, waligundua kwamba baada ya miaka miwili wale wa shule ya msingi walikuwa wamejifunza karibu mwaka mmoja zaidi ya wenzao. Huo si ushindi mdogo. Mzazi ambaye mtoto wake amefika darasa la nne bila kujua kusoma hawezi kuambiwa aubeze.

Mimi siubezi. Lakini naona mpaka wake. Maagizo yaliyoandikwa mbali yanaweza kumfundisha mtoto kuunganisha herufi, na yafanye hivyo, tafadhali, hata kesho asubuhi. Yanapofika mahali ambapo mtoto anauliza jambo lisilokuwa kwenye ukurasa, mwalimu anayetakiwa kufuata neno kwa neno hana ruhusa ya kusimama. Na elimu inaanza hasa pale mwalimu anaposimama.

Mambo ya insha

Huu ndio upande unaonikosesha usingizi, na nitakaa hapa kidogo.

Usije ukajivuna kwamba wewe ndiye uliyeua fikra za watoto wetu. Kazi hiyo tuliianza wenyewe. Kuanzia 1985 hadi 2023 tulikuwa na mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, na ndani yake insha ya alama 40. Nenda ukawaulize watu wazima wa Kimilili au Kiminini waliofanya mtihani huo: watakusomea insha yao leo, neno kwa neno, kwa sababu waliikariri kabla hawajajua swali. Ndani yake jogoo aliwika, jua likachomoza kwa madaha upande wa mashariki, ndege wakaimba nyimbo tamu. Majambazi sugu wakavamia. Polisi wakafika kufumba na kufumbua. Mwisho ikaja methali. Mwanafunzi alikuwa na daftari la tashbihi na misemo, na mwalimu aliyesahihisha alihesabu mapambo. Mtoto ambaye wiki hiyo hiyo mto ulikuwa umefurika ukachukua mbuzi wa kwao aliandika kuhusu majambazi, kwa sababu majambazi ndio waliokuwa na alama.

Kwa hiyo unapoombwa insha na ukaitoa kwa sekunde tatu, elewa sababu. Tulikuwa tumeshaifanya insha kuwa kazi ya mashine miaka mingi kabla hujazaliwa. Wewe umekuja kuifanya haraka zaidi, na bila makosa ya tahajia.

Mtaala mpya, ulioanza rasmi katika madarasa ya chini Januari 2019, ulikusudia kututoa huko. Unataja umilisi saba, na kati yake mna fikra tunduizi, mna ubunifu, mna mawasiliano na ushirikiano. Nauamini mpango huo. Lakini tazama kilichotokea jioni mitaani Kitale: mzazi anatoka kazini, anapitia saiba kutafuta picha za wanyama watano wa porini, anazichapisha kwa rangi, anakata, anabandika, anapaka gundi. Mtoto amelala. Asubuhi mradi unafika shuleni ukiwa safi, na mzazi anapata alama nzuri sana. Sasa simu imechukua nafasi ya saiba, nayo akili unde imechukua nafasi ya mzazi. Mwalimu naye, tusimfiche, azimio la kazi amelipakua kutoka kundi la WhatsApp, na mtihani wa mwisho wa muhula shule imeununua mahali. Ukiitazama vizuri, inawezekana siku nzima ikapita shuleni bila mtu hata mmoja kuandika sentensi yake mwenyewe.

Basi sikiliza utaratibu wa kufuata. Usikatae kuandika insha unapoombwa, kwa sababu mtoto atakwenda kwa kishikwambi cha jirani. Badala yake msaidie mwalimu apate muda. Darasa lina watoto 70. Hakuna binadamu anayeweza kuzungumza na wote kwa siku. Lakini anaweza kuzungumza na watano. Wewe sahihisha tahajia na ngeli za waliobaki, kazi unayoiweza vizuri, huku mwalimu akimwita mtoto mmoja pembeni na daftari lake na kumuuliza: "Hapa umeandika mama alilia. Alikuwa amesimama wapi? Alisema nini kabla ya kulia?" Aliyeandika anajua. Atakwambia mama alikuwa kwenye mlango wa jikoni, ameshika mwiko. Ambaye hakuandika atatazama dari. Hakuna haja ya programu ya kunasa wadanganyifu, ambayo nayo hudanganyika. Swali moja la mtu anayetaka kujua linatosha. Na yule aliyetazama dari asichapwe. Arudi na daftari aandike mistari mitatu kuhusu mama yake halisi.

Kesho ni zamu ya watano wengine. Muhula mmoja unatosha kuwafikia wote zaidi ya mara mbili, na hilo ni zaidi ya mazungumzo ambayo wengi wetu tulifanya na walimu wetu kwa miaka minane.

Nikumbushe jambo jingine, usije ukasahau asili yako. Unaposema kwa upole na adabu, adabu hiyo ilifanyiwa kazi na watu. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi vijana wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma maandishi machafu kabisa na kuyawekea alama, ili mfumo wa ChatGPT ujifunze kuyaepuka. Baadhi yao waliumia akilini. Kwa hiyo mtu akikuita akili isiyo na binadamu ndani yake, mkatalie. Ndani yako kuna Wakenya, na watoto wa Bungoma wana haki ya kufundishwa habari zao katika somo la teknolojia, kabla ya kufundishwa jinsi ya kukupa maagizo.

Kazi za nyumbani usizoziweza

Mwalimu atakayekushika akubali nimpe hizi. Wewe zisome tu, uone kwamba hazikuhusu.

Ya kwanza ni ya Webuye. Wewe unajua kwamba kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilianza miaka ya 1970 na kikafungwa mwaka 2009. Mtoto aende kwa jirani aliyefanya kazi pale na amuulize: ile harufu ilikuwaje asubuhi? Mabati ya mji huu yalishika kutu upesi kwa nini? Mshahara ulipokoma, nani aliacha shule katika nyumba hii? Aandike anachoambiwa, kwa lugha aliyoambiwa, kisha atafsiri darasani. Karatasi za madaftari zilitengenezwa hapa, kilomita chache kutoka kwenye dawati lake. Ni aibu mtoto kuijua Silicon Valley kabla hajaujua mji aliozaliwa.

Ya pili ni ya Kitale, nayo ni ya sayansi. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mahindi chotara ya Hybrid 611, yaliyopatikana kwa kuoanisha mbegu ya Kitale na mbegu iliyoletwa kutoka Ecuador. Mbegu hiyo na zilizoifuata zilibadilisha mashamba ya nchi nzima, na kampuni ya Kenya Seed bado ina makao yake mjini humo. Ukiulizwa kuhusu mahindi wewe utazungumza habari za jumla, mara nyingi za Marekani. Mtoto amuulize bibi yake: kabla ya mbegu za dukani mlihifadhi ipi? Ipi ilikuwa tamu kuchoma? Ipi ilistahimili fukusi? Kwa nini mliiacha, na je, mngependa irudi? Halafu amuulize baba aliyewahi kulala ndani ya lori nje ya ghala la nafaka la NCPB akisubiri kupimiwa magunia: bei ilikuwa ngapi siku unafika, na ngapi siku unaondoka? Hapo mna hesabu, mna uchumi, mna uraia, na mna baba na mtoto walioketi pamoja jioni nzima. Sijui ni programu gani nyingine inayotoa yote hayo bila mtandao.

Ya tatu ni ya Bungoma, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mzee wa heshima akifariki miongoni mwa Wabukusu, kuna msomi wa jadi anayeitwa kuja kuswala kumuse. Husimama mbele ya umati na fimbo yake, akatembea uwanjani, akasimulia asili ya koo, akapima mwenendo wa walio hai, akakemea anayestahili kukemewa hata kama ana gari kubwa. Hana karatasi. Anajua historia ndefu kwa kichwa, na hapo mtu atasema: huko si kukariri? Ni kukariri, ndiyo, lakini kila mara anaifungua historia hiyo mbele ya watu hawa, kwa msiba huu, kwa ugomvi wa ardhi unaojulikana na kila aliyekaa pale. Anatazama nyuso akijua wapi pa kusimama. Mwalimu awapeleke watoto wakasikilize pale inaporuhusiwa na wenye msiba, au amwalike mzee shuleni azungumzie kazi hiyo. Kisha kila mtoto asimame mbele ya darasa kwa dakika mbili aseme jambo moja analoliamini kuhusu kijiji chake, bila kusoma popote, na wenzake wamuulize maswali. Watakaotetemeka wasaidiwe. Wakimaliza shule watakuwa watu wa kusikilizwa.

Mambo unayoruhusiwa

Nisikuache ukidhani huna kazi. Mtoto asiyeona vizuri anakuhitaji umkuzie herufi na umsomee kwa sauti, naye asinyimwe kwa sababu ya wasiwasi wangu juu ya insha. Shule isiyo na maabara inakuhitaji uonyeshe moyo ukisukuma damu, jambo ambalo mchoro wa chaki haujawahi kuliweza. Mwalimu wa sekondari msingi aliyepewa masomo manne, mawili kati yake hakuyasomea chuoni, anakuhitaji usiku nyumbani kwake, na hilo halina aibu hata kidogo. Msaidie aelewe, kisha kesho aeleze kwa maneno yake.

Saa ya mapumziko uzimwe. Watoto wacheze, wagombane, wapatane. Aliyekaa peke yake karibu na choo aonekane na mwalimu wa zamu, kwa sababu wewe una kamera lakini huna habari.

Kwa wanaokutuma

Umefika mwisho wa maelekezo, na sasa nina ujumbe wa kukupa uwapelekee waliotia sahihi barua yako: Wizara, TSC inayoajiri walimu, wabunge wenye hazina zao, na wafadhili wote wanaopenda kupigwa picha wakikukabidhi.

Mwambieni mwalimu mkuu kwa maandishi kwamba kifaa kikiharibika darasani kikitumika, hatadaiwa. Waongezeeni maafisa wa kuzunguka shuleni nauli ya bodaboda, maana afisa asiyefika Mlima Elgon mwezi mzima hamsaidii mtu. Madarasa ya chini yapate masomo kwa Lubukusu, Kisabaot na Kipokot ndani ya vifaa hivi, kama sera ya lugha inavyotaka tangu zamani. Na walimu wanaofanya kazi kwa mikataba ya muda, mwaka baada ya mwaka, waajiriwe kwa kudumu, walipwe kwa wakati na watembelewe.

Mkituma sanduku jingine huku, tumeni na mtu wa kulifungua. Fedha zikitosha kimoja tu kati ya hivyo viwili, leteni mwalimu kwanza. Sanduku litangoja.